Kuunda Upya Picha ya Kale: Sammy Baloji na Dhana ya Ukumbusho Mjini Lubumbashi

1. Utangulizi

Tarehe 8 Agosti 1969 mpiga picha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara ya Abbey Road mjini London, akawapiga picha wanamuziki wanne wa kundi la Beatles wakivuka barabara hiyo kwenye kivuko cha waendao kwa miguu. Picha moja kati ya zile alizopiga siku hiyo ilitumiwa kuwa jalada la santuri yao iliyotoka Septemba mwaka uo huo. Tangu wakati huo watu wasio na idadi wamekwenda kivukoni hapo kupigwa picha kwa mwendo ule ule. Mwaka 1993 Paul McCartney, mmoja wa wale wanne, alitoa santuri yake mwenyewe ambayo jalada lake liliundwa upya kwa msaada wa kompyuta. Mandhari ya picha ya 1969 ilibakizwa, watu wanne wakafutwa, kisha McCartney na mbwa, waliopigwa picha upya na Macmillan yule yule, wakapachikwa kivukoni. Mahali palikuwa pale pale. Waliobadilika ni watu.

Miaka kumi na kitu baadaye, mjini Lubumbashi, kijana mmoja alitumia ufundi wa aina hiyo hiyo kufanya kinyume chake. Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, akawakata watu kutoka katika mandhari yao, akawaweka juu ya picha mpya alizozipiga mwenyewe za viwanda vilivyokufa. Hapa watu walibaki wale wale. Kilichobadilika ni ulimwengu uliowazunguka. Mfululizo huo, uliokamilika mwaka 2006, aliuita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kumbukumbu: Mémoire.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo, ingawa imefanywa kwa kompyuta, haikuzaliwa na kompyuta. Ina mizizi katika desturi ya wachoraji wa Lubumbashi ambayo wenyewe waliipa jina la Kiswahili: ukumbusho. Aidha, tutajadili swali linalomhusu kila mwanafunzi wa historia, nalo ni hili: picha iliyokatwa na kuunganishwa yaweza kusema kweli?

2. Kampuni na Picha Zake

Ili kuelewa kilichokatwa, hatuna budi kwanza kujua kilikatwa kutoka wapi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mji wa Élisabethville ukaanzishwa mwaka huo huo, na mwaka 1911 tanuri la kwanza likatoa shaba. Wafanyakazi waliandikwa kazi kutoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Ruanda-Urundi, na vijiji vya Katanga yenyewe. Mwanzoni waliletwa kwa mikataba ya muda mfupi, wakafa kwa wingi kwa maradhi, na waliosalia wakarudishwa makwao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake: ikawaruhusu, na hata kuwahimiza, wafanyakazi kuishi kambini pamoja na wake na watoto wao. Ikajenga nyumba, zahanati na shule, ikagawa posho. Katika kambi hizo Kiswahili kilikuwa lugha ya kuwaunganisha watu waliotoka katika makabila mengi.

Kampuni hiyo ilipiga picha nyingi. Zilikuwa na kazi maalumu: kuwaonyesha wenye hisa, serikali na wageni kwamba uzalishaji ulikwenda vizuri na watu walitunzwa. Ndiyo maana ndani yake tunaona watu wamepangwa kwa mistari, mitambo imesimama imara, wakuu Wazungu wamevaa nguo nyeupe na kofia za jua. Mfanyakazi alikuwemo katika picha kama sehemu ya mali, pamoja na tanuri na reli. Katika madaftari ya kampuni alitambulishwa kwa namba. Katika picha alitambulishwa kwa kazi aliyokuwa akiifanya.

Yako mambo ambayo picha za namna hiyo hazikukusudiwa kuyaonyesha. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, wakawaua makumi ya watu, miongoni mwao msemaji wa wagomaji, Léonard Mpoyi. Mtu anayeijua habari hiyo, akitazama tena picha ya wafanyakazi waliopangwa mistari, hawezi kuiona kwa jicho lile lile.

Baada ya uhuru mali za kampuni zilitaifishwa mwaka 1967, na hatimaye shirika jipya likapata jina la Gécamines. Katika miaka ya katikati ya 1980 shirika hilo lilikuwa likizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 lilizalisha chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Jambo hilo liliitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001, aliwaita watu wa jamii hiyo bana Shaba, yaani wana wa shaba, walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Jina hilo linaeleza uchungu ambao takwimu peke yake haziwezi kuueleza: kampuni iliyompa mtu nyumba, dawa, shule ya watoto na gunia la unga haikuwa mwajiri tu, na ilipoanguka haikuanguka peke yake.

3. Namna Kazi Ilivyofanywa

Baloji alisoma katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kabla ya kushika kamera alikuwa mchoraji wa hadithi za katuni. Jambo hilo si dogo. Mchora katuni amezoea kufikiri kwa vipande: mtu huyu hapa, jengo lile kule, na nafasi iliyo baina yao ndiyo inayosimulia. Akiwa anapiga picha za majengo ya kale na maeneo ya viwanda, alikutana na hazina ya picha za kampuni. Hapo alikuwa na vitu viwili mkononi: viwanda kama vilivyo leo, na watu kama walivyokuwa.

Hatua za kuvikutanisha zaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi. Kwanza picha ya kale hupitishwa katika skana ili igeuke kuwa data ambayo kompyuta yaweza kuifanyia kazi. Pili, kwa programu ya kuhariri picha, mpaka huchorwa kuzunguka mwili wa mtu, na kila kilicho nje ya mpaka huo huondolewa. Tatu, mtu huyo huwekwa kama tabaka juu ya tabaka jingine lenye mandhari mpya, mfano wa karatasi angavu iliyolazwa juu ya nyingine. Nne, na hapa ndipo penye ufundi, hulinganishwa kimo, upeo wa macho na mwelekeo wa mwanga. Mtu aliyepigwa picha na kamera iliyowekwa usawa wa kifua hawezi kusimama vema juu ya ardhi iliyopigwa kutoka juu ya paa. Ataonekana kama anayeelea.

Mtengenezaji wa matangazo ya biashara angeongeza hatua ya tano: kuuficha mshono. Angempa mtu wa kale rangi za leo na kumwekea kivuli kinachofanana na vivuli vya pale alipowekwa, mpaka mtazamaji asijue kwamba pana kuunganishwa. Baloji hakufanya hivyo. Watu wake wamebaki weusi na weupe, na chembechembe za picha ya zamani zingalipo. Mandhari nyuma yao ni ya rangi, pana kupita kawaida, yenye kutu na vyuma vilivyoachwa. Mtazamaji huona mara moja kwamba hawa hawakuwako hapa siku picha hii ilipopigwa. Na bado wamesimama hapa, mahali ambapo wao au wenzao walifanya kazi.

Athari yake ni ya pande mbili. Magofu, ambayo kwa mgeni ni vyuma vibovu tu, yanapata wenyewe. Na wafanyakazi, waliokuwa pambo la ustawi wa kampuni, wanabaki peke yao mbele yetu. Mitambo iliyoyapa maana macho yao, mikono yao na jinsi walivyosimama imeondoka, nasi tunalazimika kuwatazama wao.

4. Ukumbusho Kabla ya Kompyuta

Lingekuwa kosa kudhani kwamba mji wa Lubumbashi ulingoja kompyuta ndipo ujifunze kuipanga upya taswira ya mambo yaliyopita. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na picha za rangi ukutani, zilizochorwa na mafundi wa mjini na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, walioichunguza sanaa hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 1976, walionyesha kwamba neno kuu la wachoraji na wanunuzi lilikuwa ukumbusho. Picha haikununuliwa kwa uzuri tu. Ilinunuliwa kwa sababu inakumbusha: mambo ya wahenga, ambao kwa Kiswahili cha huko huitwa bankambo, mambo ya enzi ya ukoloni, na mambo ya siku zile zenyewe.

Taswira iliyopendwa mno iliitwa kwa Kifaransa Colonie belge. Huwa na mfungwa anayechapwa viboko, askari, ofisa Mzungu anayeangalia, na bendera. Ilichorwa mara nyingi sana, na kila mchoraji aliirudia kwa mkono wake. Kuirudia hakukuwa wizi wala uhaba wa ubunifu. Ni kama mtambaji anavyorudia ngano inayojulikana na wote, naye husifiwa kwa namna anavyoirudia.

Aliyeipeleka desturi hiyo mbali zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, na akamsimulia Fabian maana ya kila moja kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mauaji ya wagomaji wa 1941 yamo. Kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huo huo tarehe 17 Januari 1961, kimo. Tshibumba hakuona tabu kuweka katika picha moja mambo yaliyotokea nyakati mbalimbali, ilimradi yanaelezana. Alijihesabu mwanahistoria, na mazungumzo yake na Fabian, yaliyochapishwa mwaka 1996, yanaonyesha kwamba alikuwa na haki ya kujihesabu hivyo.

Kwa wataalamu wa Kiswahili neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Kutokana na kitenzi kumbuka tunapata kumbukumbu, yaani kile kilichohifadhiwa, kiwe akilini au katika jalada la ofisi. Lakini kutokana na kukumbusha, chenye kiambishi cha usababishi, tunapata ukumbusho: kitu kinachomfanya mwingine akumbuke. Kumbukumbu yaweza kulala kabatini miaka hamsini bila ya kuguswa. Ukumbusho hauwezi kuwapo bila ya mtu wa kukumbushwa. Picha za kampuni zilikuwa kumbukumbu. Kwa maoni yetu, alichokifanya Baloji ni kuzitoa katika hali hiyo na kuzifanya ukumbusho. Jina la Kifaransa alilolichagua halitofautishi mambo hayo mawili, ila lugha ya mji wake inayatofautisha.

5. Je, Huu Si Uongo?

Msomaji aliyefundishwa kuheshimu ushahidi atauliza: picha iliyochezewa itaaminiwaje? Swali ni la haki, na ni la kale karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, akifanya kazi Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya thelathini kutengeneza picha moja yenye mafunzo ya maadili, na watu wakabishana kama jambo hilo ni halali. Katika Urusi ya Stalin ufundi huo ulitumiwa kwa shabaha nyingine. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri, alipigwa picha akitembea na Stalin kando ya mfereji. Baada ya kuuawa mwaka 1940, picha ilichapishwa tena, na mahali alipokuwa amesimama pakawa na maji matupu.

Tukiilinganisha mifano hiyo tunaona kwamba kukata si dhambi kwa yenyewe. Aliyemfuta Yezhov alikusudia mtazamaji asijue kwamba pana mtu aliyeondolewa, kwa hiyo mshono ulikuwa adui yake. Katika Mémoire mshono ndio maana yenyewe. Unatuambia kwamba baina ya watu hawa na mahali hapa umepita muda, na kwamba jambo fulani lilitokea katika muda huo. Kwa kipimo hicho, picha halisi ya kampuni, isiyokatwa hata kidogo, yaweza kudanganya zaidi: inawaonyesha wafanyakazi waliotulia mwaka fulani, isiseme walilipwa nini.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba hatari haipo. Picha hizi zimeonyeshwa mbali na nyumbani. Zilifika Bamako mwaka 2007, ambako Baloji alipata tuzo katika maonyesho ya picha ya Afrika, na mwaka 2010 zilionyeshwa New York. Mtazamaji asiyeijua Katanga aweza kuona uzuri wa magofu tu, akapita. Pia aweza mwanafunzi mvivu, akiikuta mojawapo bila maelezo, kuitumia kama hati ya historia. Na liko swali zito zaidi: hawa waliopangwa mbele ya kamera bila ya kuulizwa sasa wanapangwa mara ya pili, nao hawana tena uwezo wa kukataa. Mwenyewe Baloji ameendelea kulikabili swali hilo katika kazi zake za baadaye. Katika mfululizo wa 2011 uliotokana na hazina za jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji, aliweka picha alizozipiga François Michel katika msafara wa Charles Lemaire wa 1898 hadi 1900 juu ya michoro ya rangi za maji ya Léon Dardenne, mchoraji wa msafara huo huo. Mandhari laini za mchoraji na watu waliokaziwa macho na kamera, vikikaa pamoja, vinashitakiana.

6. Nyuso na Majina

Jambo hili lina uzito gani kwa mji wenyewe? Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa Katanga na hawakujua kwingine, walifukuzwa kwa fujo. Mamia ya maelfu walihama, na wengi wakafa njiani na katika vituo vya reli walikosubiri treni. Hoja iliyotumiwa dhidi yao ni kwamba walikuwa wageni waliokula kazi za wenyeji. Sasa mtu na aitazame picha ya wafanyakazi wa Union Minière na ajaribu kusema nani kati yao ni mwenyeji na nani ni mgeni. Hawezi. Wote wamevaa mavazi yale yale ya kazi, wote wameletwa mbele ya tanuri lile lile. Picha hizo zinakumbusha kwamba mji huu ulijengwa na watu waliotoka pande zote, na kwamba ukipunguza baadhi yao unaifuta historia ya wote.

Kwa wastaafu na walioachishwa mwaka 2003 na 2004 zinakumbusha deni. Anayewaona wazee wake wamesimama mbele ya kiwanda kilichokufa haoni sanaa tu; anaona madai.

Hapa ndipo penye wajibu wa vyuo vyetu. Msanii amefanya sehemu yake: amewatoa watu katika mandhari ya kampuni. Ambalo hakuweza kulifanya kwa kompyuta ni kuwarudishia majina. Hilo ni jukumu la watafiti, na linahitaji Kiswahili, maana hiyo ndiyo lugha ambayo wazee wa kambi walizungumza kazini na nyumbani. Tunao mfano mwema. Mwaka 1965 Msamiati wa mji wa Élisabethville, ulioandikwa na André Yav kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, ulisimulia historia ya ukoloni kwa Kiswahili cha mji, kutoka jikoni na uani, na si kutoka ofisini. Ulikaa pembeni mpaka Fabian alipouchapisha mwaka 1990. Maandishi kama hayo na masimulizi ya wazee yakiwekwa kando ya picha za kampuni, nyuso nyingine huenda zikapata wa kuzitambua. Muda si mwingi: aliyeingia kazini mwaka wa uhuru akiwa na miaka ishirini amekwisha kupita themanini.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba jalada la santuri la 1993 lilibakiza mahali na kubadili watu, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa mtazamaji atabasamu kwa kuitambua barabara aijuayo. Mémoire ilibakiza watu na kubadili mahali, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa mtazamaji ajiulize ni nini kilichotokea. Ufundi ni mmoja; makusudio ndiyo yanayoutofautisha. Tumeona vilevile kwamba makusudio hayo yalikuwa na jina mjini Lubumbashi tangu siku za wachoraji wa ukutani.

Mwaka 2008 Baloji na wenzake walianzisha mjini humo chama cha wasanii pamoja na maonyesho yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, wakakipa chama hicho jina la Kiswahili lisilo na madoido: Picha. Mwanafunzi atakayeingia siku moja katika ghala la picha za kampuni, hapo Lubumbashi au kwingineko, aanze na swali lisilo na madoido vilevile. Amwite mzee, amwekee picha mezani, amwoneshe kwa kidole, amwulize: huyu ni nani? Kisha aliandike jina nyuma ya picha, pamoja na tarehe, na jina la aliyemwambia.